Mpaka-Ukome, Mwalimu wa Sarufi Zinazopokezana Zamu

Sogeeni karibu, mlio mlangoni ingieni, viti vya mbele havina mwenyewe, na wenye simu wazizime kidogo, kwa sababu mjukuu wangu anayewasomea ana sauti ndogo, na maneno haya ni yangu mimi, dada mkubwa wa marehemu, nimeyasema yeye akayaandika, maana kalamu na mimi hatukupata kujuana.

Marehemu mdogo wangu alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 9 Agosti 1950, katika chumba cha pili cha nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa nne na wa mwisho wa baba yetu mkoroga sabuni na mama yetu mshonaji, na alizaliwa mdogo kiasi kwamba mkunga alimwambia mama asimzoee, mama akajibu kwamba ameshamzoea, basi mimi wa miaka tisa nikapewa kazi ya kumbeba mgongoni.

Alianza darasa la kwanza Januari 1958 katika shule iliyokuwa ng'ambo ya reli, akaingia sekondari mwaka 1965 na chuo kikuu mwaka 1971, akapata shahada ya hesabu mwaka 1975 na ya pili mwaka 1979, na katika miaka hiyo yote alijaribu kunisomesha na mimi jioni nikipiga pasi, tukafika herufi tatu tu, a, b na c, makaa yakanimwagikia mguuni, somo likaishia hapo, naye akaniambia nisijali, hizo tatu zinamtosha mtu kuanzia, na kweli ndizo hizo tatu zilizomlisha maisha yake yote.

Tarehe 1 Julai 1979 aliajiriwa kuwa mhadhiri katika idara ya hesabu, chumba namba sita, chenye dirisha moja lisilofunguka na ubao uliopasuka katikati, akifundisha nadharia ya lugha za alama, na kwa kuwa wengi mliofika hapa mmejiuliza miaka yote huyu mzee alikuwa anafundisha nini hasa, nitawaeleza kwa nyuzi, kama alivyonieleza mimi ninayetarizi vitambaa vya meza. Chukua uzi mwekundu, mweupe na wa kijani, unataka mishono yote myekundu kwanza, myeupe ifuate, ya kijani mwisho, idadi yake ilingane, lakini huruhusiwi kuhesabu, una amri tu za kusema ukiona alama hii ondoa uweke hii, na hizo amri zikikaa pamoja ndizo wanaziita sarufi. Sarufi moja ya namna hiyo italinganisha rangi mbili, ya tatu itaiponyoka, lakini sarufi kadhaa, kila moja dhaifu vilevile, zikifanya kazi kwa zamu juu ya kitambaa kimoja, na kila moja ikishika zamu isiiachie mpaka imalize kila alama inayoiweza, basi rangi ya tatu nayo inatulia, na kikundi kinaweza jambo ambalo hakuna hata mmoja wao aliyeliweza peke yake. Habari hii ilimfurahisha mdogo wangu kama mtu aliyepata barua kutoka kwa ndugu wa mbali.

Jina la Mpaka-Ukome alilipata wiki yake ya pili kazini, alipompelekea mpiga chapa wa idara mswada wake wa kwanza, na kichwa chake kikiwa bado kwenye zile zamu akamwambia apige mpaka akome, mwenyewe akimaanisha mpaka asipokuwa na la kupiga tena, na yule dada akainuka na makaratasi yote hadi kwa mkuu wa idara, kwamba huyu mgeni ametoka wapi wa kunikomesha mimi. Marehemu aliitwa, akaeleza ubaoni kwa saa nzima, mkuu wa idara hakuambulia kitu, lakini mpiga chapa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hizo zamu nimezielewa, radhi ndiyo sijaisikia," na walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981, wakajaliwa binti mwaka 1983, ambaye ni mpima ardhi, na kijana wa kiume mwaka 1986, ambaye ana duka la mikate.

Mwaka 1984 alitoa kijitabu cha kufundishia, na ukurasa wa arobaini na moja wa kijitabu hicho ulisema kwamba kwa zile rangi tatu, ambazo yeye aliziandika a, b na c, sarufi mbili zinatosha, watu wakausoma hivyo miaka thelathini na minane, hadi Novemba 2022, yeye amekwisha kustaafu na anakigeuza kuwa kitabu kamili, ndipo wifi yangu, akipiga chapa upya, akajaribu ule mfano kwa mkono na herufi zikakataa kulingana. Alimwita mumewe mezani akamwambia, "Baba Binti, anayefungua na anayefunga umewaweka katika zamu moja, huku atafunga, kule ataendelea kufungua, zitalingana vipi, hapa pamekosekana mtu wa tatu, yaani sarufi ya tatu." Marehemu alitazama karatasi mpaka chai ikapoa, akasema tu kwamba kosa hili halitaingia kwenye kitabu, na kwamba sura nzima iliyoegemea ukurasa ule italazimika kuandikwa upya.

Tarehe 3 Februari 2023 alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalala, maneno yote yakaondoka likabaki moja, nalo ni bado, ukimuuliza ameshiba atasema bado, ukimuuliza anamjua huyu aliyekuja kumwona atasema bado, wageni wengine waliondoka wamenuna. Mwenzake mmoja wa idarani, kwa nia njema, alishauri kitabu kiende kiwanda cha uchapaji kama kilivyo, kosa la ukurasa mmoja nani ataliona, na mgonjwa aliyekuwa amelala akafumbua macho akasema "Bado", safari hiyo hakuna aliyehitaji kufasiriwa. Kwa hiyo kuanzia Machi binti alipanga herufi za plastiki kwenye sinia juu ya mapaja ya baba yake, naye akizisogeza kwa mkono wa kushoto, mama akizipiga chapa, kijana akileta mkate na kukosoa hesabu ambazo hakusomea, na mimi kazi yangu ilikuwa uji na kuwafukuza wenye maneno mengi. Wiki kumi na nne walikwenda hivyo, kila ukurasa akisomewa atasema bado, wanarudi, mpaka Jumapili tarehe 18 Juni, binti aliposoma sura yote toka juu hadi chini akainua macho, na baba yake akasema, "Tayari." Alifariki siku ya tatu, Jumatano tarehe 21 Juni 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wadi namba tatu, walioruhusu sinia la herufi kitandani, jirani mwenye gari aliyetuendesha alfajiri bila kuuliza, walimu wenzake, na wanafunzi wake, hasa wale mliofeli kwake mkaja vilevile. Mdogo wangu, mgongo wangu umekushusha, kaa salama ulipo.

Kuhusu alivyoacha, mashine ya chapa na haki za kitabu ni za mkewe, madaftari yote kumi na tisa ni ya binti, ubao uliopasuka, ambao chuo kilimpa alipostaafu, ni wa kijana, ameshautundika dukani kwa bei za mikate, na ule ukurasa wa zamani wa arobaini na moja aliukunja mwenyewe siku ile ya Jumapili akaniwekea mimi mapajani, binti akauliza, "Baba, unampa shangazi kwa kuwa hasomi, hautampotosha?" naye akacheka hadi tukamwinua akae, basi ninao, umelala ndani ya kikapu cha nyuzi, na mikononi mwangu hautampoteza mtu yeyote tena.