Fundi Masalu Chenge, Aliyewapangishia Nyuki Mbao Zake

Ndugu waombolezaji, shikamooni wakubwa, habari zenu wengine wote, familia imeomba historia hii isomwe polepole, lakini aliyemjua Masalu atasamehe ikisomwa kwa haraka kidogo, maana mambo yake hayasomeki kwa sauti ya usingizi.

Marehemu Masalu Chenge alizaliwa Magu tarehe 14 Agosti 1951, mtoto wa tatu wa mzee Chenge, mkulima wa pamba, alisoma shule ya msingi hapo hapo Magu kuanzia 1961 hadi 1967, na kuanzia 1968 alijifunza useremala kwa miaka miwili, akatoka huko na msumeno wake, randa yake, na kiburi cha kutosha mafundi watatu.

Mwaka 1971 aliajiriwa katika kiwanda cha samani hapa Nyakato, akafanya kazi miaka ishirini na mitatu, na katika miaka yote hiyo adui yake alikuwa mmoja, wale nyuki weusi wanene wanaotoboa mbao, ambao yeye aliwaita majambazi. Kila alipoona tundu kwenye boriti alimimina mafuta ya taa na kuliziba kwa udongo, tena akipiga mluzi, na wenzake kiwandani watakumbuka kwamba alijisifia kazi hiyo kuliko hata makabati aliyotengeneza.

Tarehe 10 Julai 1976 alifunga ndoa na Paskazia, wakajaliwa watoto watatu, Dorcas aliyezaliwa 1978, Yakobo 1981 na Justa 1985.

Tarehe 30 Juni 1994 kiwanda kilifungwa kungoja mnunuzi, wafanyakazi wote wakapunguzwa, na Masalu akarudi nyumbani na kisanduku chake cha vifaa. Wakati huo soko huria lilikuwa limefunguliwa, kila mtu anauza kitu, naye akasikia kwamba maduka ya mjini yanatafuta pasheni za juisi, basi mwaka 1995 akapanda miche kumi na minane ya pasheni za njano nyuma ya nyumba, akaitengenezea chanja ya nguzo nzuri mno, kona zake zote sawasawa. Pasheni zikatambaa, zikachanua, loo, maua yakajaa chanja nzima, halafu yakadondoka yote. Hata tunda moja halikushika! Jirani yetu Luhaga alisema shamba limetupiwa jicho la husuda, na mama Paskazia, ambaye alikuwa akilisha nyumba nzima kwa vitumbua, alimwambia mumewe waziwazi kwamba Krismasi ya 1996 ikifika bila tunda, wanafunga mizigo na kurudi kwao Masalu, Magu. Masalu alikubali, lakini usingizi ulimpaa, maana kurudi Magu mikono mitupu ndilo jambo pekee aliloliogopa maishani.

Sasa hapa ndipo utamu ulipo. Alhamisi tarehe 18 Aprili 1996 aliitwa mjini na mama mmoja mwenye duka la vitambaa, Mama Zahabia, arekebishe paa la baraza la zamani, na fundi wetu akapanda ngazi na chupa yake ya mafuta ya taa, kwa sababu boriti zilikuwa matundu matupu. Mama Zahabia akatoka mbio akiwa na upawa mkononi, akamfokea ashuke na chupa yake, kwani kando ya baraza ile kulikuwa na mpasheni uliolemewa na matunda, na aliyeuzalisha alikuwa huyo huyo jambazi. Masalu hakuamini, akakaa juu ya ngazi kuanzia saa saba hadi saa kumi, akamwona nyuki mweusi akiingia ua moja na kutoka na unga wa njano mgongoni, akiupeleka ua la pili, na la tatu, kazi safi, bila msimamizi. Kumbe miaka ishirini na mitano alikuwa anawaua wafanyakazi wake mwenyewe!

Alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyeokota almasi. Akachukua ubao na penseli ya useremala, akachora bustani kama anavyochora kabati, mwezi kwa mwezi, mbaazi, alizeti, rehani na maboga, ili usipite mwezi nyuki wakakosa ua, akaweka sufuria lenye kokoto na maji, akasimamisha gogo kavu la mkuyu chini ya upenu, na kwa keke yake akalitoboa matundu ya kuanzia, akasema ni vyumba vya kupanga. Mtaa ulicheka mpaka ukachoka. Akamwangukia Luhaga apulize dawa ya nyanya jioni tu, nyuki wakisharudi, na wakati wa kusubiri wapangaji alipita mchana kwenye maua na unyoya wa kuku, akihamisha ule unga ua kwa ua, mzee mzima, watoto wakimchungulia uani. Septemba nyuki wa kwanza alihamia. Jumamosi tarehe 14 Desemba 1996 Paskazia alichuma pasheni kumi na moja zilizoiva, akakaa chini akazila tatu palepale, na habari ya Magu ikaishia hapo.

Katikati ya 1998 marehemu alianza kusumbuliwa na figo, akatibiwa kwa miezi minane, na alifariki Jumanne tarehe 9 Machi 1999, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Nyakato, mafundi wenzake, na Mama Zahabia ambaye yupo hapa. Tunawaomba radhi pia vijana waliokuwa wakipasua kuni za kupikia msiba jana asubuhi, ambao walilifikia lile gogo la upenuni na shoka, nao hawakujua. Paskazia, ambaye tangu juzi alikuwa hajainuka mkekani, alitoka peku, akalikumbatia gogo na kuwaambia, "Acheni, humo mna watu."

Fundi Masalu, wapangaji wako wapo kazini. Pumzika kwa amani.