Aliteleza Bafuni
Kwenye basi la kwenda gerezani, mama mmoja kwenye kiti cha mbele yangu alimwonyesha aliyeketi naye, karani mstaafu wa mahakama, kadi ya hospitali ya bintiye, aliyefungwa maisha kwa kumuua mumewe.

"Mzee, si sheria mpya inasema aliyekuwa akipigwa anaweza kuomba kutoka mapema?"

"Akiwa na ushahidi, mama. Hapa wameandika kavunjika mbavu mara tatu, miaka mitatu mfululizo, na kila mara, aliteleza bafuni."

Bafu gani hilo, nikajisemea, linalomvunja mtu mbavu kila mwaka?

"Kwani daktari hakumuuliza?" karani akauliza.

"Alimuuliza. Nikawahi kujibu mimi. Niliogopa aibu."

Karani akamrudishia kadi. Basi likasimama getini. Tulishuka wengine wote, mama alibaki ameketi, akiisugua kadi kwa ncha ya mtandio, kana kwamba wino ungetoka.