Thilagam na Mstari wa Kumi na Moja

Dada yetu Thilagam Devasirvatham alizaliwa Palayamkottai tarehe 14 Machi 1951, binti wa kwanza wa mwalimu Devasirvatham na mama Gnanammal. Mimi Selvin, mdogo wake, ninasoma haya kama alivyoniagiza, bila kupunguza.

Alisoma shule ya misheni hapo hapo nyumbani, akapata shahada ya hesabu Madurai mwaka 1972. Mwaka 1979 aliajiriwa Madras, katika ofisi iliyohudumia hospitali kwa kompyuta kuu. Kazi yake ilikuwa kupanga sura za skrini: neno likae mstari upi, lianzie safu ya ngapi, lipi ling'ae, na lipi lisionekane, kama neno la siri. Alichora kwanza kwa penseli kwenye karatasi ya miraba, mistari ishirini na minne, safu themanini.

Alifunga ndoa na Rajamani, fundi wa reli, tarehe 5 Mei 1980. Shemeji hakuacha kumtania mezani: "Mama Prabhu, mchuzi wa sambari leo unaanzia safu ya ngapi?" Naye alikuwa akimjibu, "Unaanzia ulipoishia mdomo wako."

Tarehe 9 Juni 1987 mwalimu kijana, Valliammai, alifikishwa hospitali akiwa na homa. Kompyuta ilijua kwamba penisilini ingemuua. Lakini mstari wa kumi na moja, wa mzio, dada alikuwa ameunakili kutoka ule wa neno la siri, akasahau kuondoa agizo la kuficha. Aliujaribu kwa mgonjwa asiye na mzio. Alipoona pale hapana kitu, akaridhika. Muuguzi naye aliona hapana kitu. Valliammai alichomwa sindano, akafa kabla nusu saa haijaisha.

Dada alikiri siku iyo hiyo. Mkubwa wake alimwambia, "Nyamaza, Thilagam. Tutaandika hitilafu ya mtambo. Mtambo haufungwi jela."

Hakunyamaza. Alikwenda Chengalpattu kwa Pechiammal, mama wa Valliammai.

"Mama, mimi ndiye niliyelificha lile neno."

"Ulikuwa na ugomvi na mwanangu?"

"Sikuwahi kumjua."

"Basi kaa. Ila usilie hapa. Mimi mwenyewe sijamaliza."

Tangu hapo alikwenda kila Juni, miaka thelathini na miwili. Kazini hakupita mbele ya skrini bila kuongeza mwanga hadi mwisho na kupapasa kioo palipo patupu. Wenzake walidhani anafuta vumbi. Nyumbani, barua ikiwa na nafasi nyeupe, aliigeuza dirishani, akaikodolea macho.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2016. Wiki zake za mwisho alinyoosha kidole ukutani. "Selvin, kuna neno pale. Nisomee."

"Hapana kitu, akka, dada yangu."

"Ndivyo nilivyosema na mimi."

Alifariki tarehe 2 Agosti 2019, saa nne asubuhi.

Jana Pechiammal, mwenye miaka themanini na moja, alishuka kwenye basi peke yake, akauliza kama orodha ya wafiwa imeshachapwa. Nilimuuliza tumwandike kama nani.

"Andika jina tu," alisema.

Marehemu ameacha mume, Rajamani, mwana, Prabhu, na mkewe Jemima, wajukuu wawili, mimi mdogo wake, na Pechiammal.

Mungu ampe pumziko alilolikosa.