Fundo la Khanga Getini

Wanangu mnaoanza kazi, sikieni. Kwenye basi dogo la kutoka Peramiho, dada mmoja anayebangua korosho kiwandani alimwambia mama aliyekaa naye: "Jana getini mlinzi mwanamume alitaka kulifungua fundo la khanga yangu mbele za watu. Humo naweka dawa zangu. Nikasema, anipekue mwanamke, ndani. Mungu ambariki Asma, mlinzi mwenzake. Aliziona, akalifunga fundo vilevile, akasema, 'Pita, dada.'"

"Lakini korosho zinaibwa, mwanangu! Tajiri asipekue?"

"Atafute korosho zake, mama, siyo ugonjwa wangu."

Mama yule, ambaye nadhani hajapekuliwa hata siku moja, alikuwa bado anabisha gari liliposimama Lizaboni. Nikashuka nikimshukuru Asma nisiyemjua. Binti yangu anaanza kazi kiwandani palepale Jumatatu, na ni mwoga wa kusema.