Mawingu ya Bukama

Treni ilipokaribia Bukama, Fadhila, mchuuzi wa samaki, alijifanya amelala. Aliyelala husikia vizuri zaidi.

Mbele yake Séraphin, fundi wa kompyuta, alikuwa akimweleza Mama Mathilde, aliyeketi kando yake, safari yake ya kwenda ofisini. "Mama, majina ya bantu ba kazi iko mu ordinateur ya bureau, Bukama. Nikifuta jina pale chini, kule juu mu nuage inajifuta yenyewe, na barua zake zote."

"Mpaka kule juu!" Mathilde aliyatazama mawingu dirishani. Fadhila naye akafumbua jicho moja kuyachungulia.

"Njo vile, mama. Wingu inatii bureau."

"Na benye balikufa?"

"Njo bale nakuya kufuta."

Mathilde alitoa simu yake. "Bwana yangu, Kabwe, alitumikaka pale. Kila siku ya Mungu namuandikiaka ku telefone. Anarudishaka jibu palepale, maneno ileile: 'Niko mu congé, nitarudia.'"

Fadhila, kusikia marehemu yuko likizo, akasahau kwamba amelala.

Treni ikasimama. Abiria wakashuka na mizigo yao. Séraphin alikuwa amekumbatia mkoba wake, hajainuka.