Tansio ya Mama Mbuyi

Treni ilibeba watu waliofukuzwa Kolwezi kwa sababu ya asili yao, ikiwapeleka Kasai, kwao ambako wengi wao hawakuwahi kufika. Bilkisi, mchuuzi wa samaki wa chumvi, alijifanya amelala ili asikie vizuri. Banza, muuguzi, alikuwa amempima shinikizo la damu Mama Mbuyi, abiria asiyemjua.

"Mama, tansio iko juu sana. Hii ni ya kurithi. Mu damu ya famille yenu muko kitu."

Mama Mbuyi akauchomoa mkono wake kwenye kipimo. "Damu gani, Tata? Mi na Kabanga tulizaliwa mapasa, sura moja, damu moja! Yeye aliolewa na mutu wa kule Kolwezi, akabakia mu nyumba yake, mu mtaa wa Kapata. Alikuja kuniaga pa gare, pa kupandia treni, batupima sisi bote. Yake iko muzuri. Yangu inapanda. Eleza basi!"

"Pengine yake itapanda nyuma, mu miaka inakuja. Na chumvi..."

Bilkisi akalisogeza gunia lake la samaki nyuma ya miguu. Mama Mbuyi alikuwa mteja wake tangu asubuhi.

"Bale balivunja mulango yangu pa Kolwezi, nabo balisema ni damu yangu iko mubaya." Mama Mbuyi akamkazia Banza macho. " Leo na wewe, Tata?"

 Treni ikasimama stesheni ya Kamina, Banza akabaki akikunja kipimo chake, akikikunjua, akikikunja tena.