Félicitations ya Mama Zabibu

Katika bisi letu lililotoka komini iitwayo Kenya, mtaa wa mji wetu, Mama Zabibu, muuza samaki, alijizoeza kuwapongeza wakwe wapya, watu wa kucheka Kifaransa cha wenzao. “FéliciTAtions,” alisema.

“Hapana, citoyenne,” alidakia mwalimu mwenye suti ya abacost, ambaye hakuna aliyemuuliza. “Unakata: fé-li-ci-ta-tions. Nguvu ya sauti unaweka ku mwisho.”

“Na kama bananikatiza mbele nifike ku mwisho?”

“Batangoya. Français haina mbio, mama.”

Kituo cha mwalimu kikakaribia. Akasimama, akanyoosha kola. “Chauf-feur, ar-rê-tez…” Dereva hakungoja mwisho, tukapita.

“Simama!” alipaza Mama Zabibu, na bisi likaganda.

Mwalimu akashuka akinung'unika kwamba mwenye kosa ni dereva.

“FéliciTAtions,” mama akamwambia, nguvu palepale alipoipenda yeye.